Pointi Hamsini na Nne za Babu Zakaria

Mchungaji, wazee wa ukoo, wamama mulioketi kwenye mikeka tangu juzi, wamotard wenzangu mulioziba barabara yote pale nje na pikipiki zenu, mimi ninayesimama mbele yenu ni Bertin, mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake Espérance, na najua wengi wenu munajiuliza kwa nini familia yenye mwalimu ndani imempa karatasi mtu aliyeacha école katika mwaka wa pili wa sekondari. Jibu ni kwamba mjomba Eugène, huyo mwalimu mwenyewe, aliandika historia vizuri sana, kurasa mbili, mistari imenyooka, lakini kila akifika kwenye neno «baba» sauti inakatika, kwa hiyo tarehe nimezichukua kwake, maneno ni yangu, na nikikosea, mjomba, sahihisha ndani ya moyo, usinyooshe kidole.

Ombi moja kabla sijaanza, mtu yeyote asinikumbatie, asinishike mikono, na mama mwenye kumwagia wageni maji ya kunawa anipite mbali, kwa maana nimevaa shati la mikono mirefu katika joto hili na sijaoga tangu jana, jambo ambalo walio mstari wa mbele wameshalinusa, na sababu yake itakuja mahali pake. Lakini kitu kimoja munakijua tayari wote, nacho ndicho kinanifanya nishindwe kusimama nimetulia, kwamba kazi yote ya Babu haikuandikwa kwenye kitabu, iliandikwa kwenye ngozi yake, na ngozi hiyo iko ndani ya sanduku hili, na saa nane tunaishusha ardhini.

Marehemu Zakaria Asukulu alizaliwa Mboko tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Asukulu, mlimaji wa mihogo, akaingia école primaire palepale Mboko mwezi wa Septemba 1958, akaenda vizuri, akafika mwaka wa sita, na mwezi wa tano 1964 vita ya waasi ikafunga madarasa, wanafunzi wakakimbilia milimani na baba zao, na shule ya Babu ikaishia hapo, katikati ya hesabu ya kugawanya, kama alivyozoea kusema. Mimi shule yangu iliishia mbele ya mlango wa préfet, mkuu wa shule, kwa sababu nyingine, lakini Babu hakuwahi kunitofautisha naye, alisema sisi wawili ni watu wa mlango wa nyuma.

Mwaka 1970 alishuka Baraka, akajifunza cherehani kwa mzee Ali, fundi wa sokoni, Mungu amrehemu naye, na baada ya miaka mitatu alikuwa na meza yake mwenyewe, akishona suruali za wavuvi na kanzu za wafanyabiashara, na watu waliomjua wakati huo wanasema alikuwa fundi asiyetumia sana mita ya kamba, anakutazama, anakukamata bega, anakata. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa hapa Baraka na bibi yetu Georgette, aliyekaa pale na kitambaa cheupe kichwani, na vazi la ndoa alilishona bwana arusi mwenyewe, Bibi anasema lilimbana kwapani tangu kanisani hadi jioni na hakumwambia mpaka mtoto wa pili. Mungu aliwapa watoto saba, wanne wako hai, Eugène, Espérance, Clarisse ambaye ni muuguzi, na Patrice wa mwisho.

Mwezi wa Novemba 1996, vita ilipofika, familia ilivuka ziwa kwa mtumbwi wa mota hadi Kigoma, kutoka hapo wakapelekwa kambini, ndugu yake mkubwa akasema yeye anabaki Makobola kulinda nyumba, na habari ya mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka 1998 hakuna mtu hapa anayehitaji nimsomee. Tangu siku ile habari ilipofika kambini Babu hakulala tena, Bibi anasema alikuwa anatembea ndani ya nyumba ya udongo yenye hatua nne, nne kwenda, nne kurudi, na mgongo wa cherehani ukaongezeka juu ya hiyo, hata akawa hawezi kuinama kuokota uzi.

Mwezi wa Februari 1999 alipata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Kigoma kushona makoti meupe ya kliniki moja ndogo, na mwenye kliniki alikuwa mzee wa Kichina, docteur Liu, mtu mfupi asiyezeeka, Kiswahili chake kilikuwa cha maneno labda mia mbili, na alipomwona fundi anashona huku amesimama kwa sababu ya mgongo, alimlaza kwenye meza, akamtia sindano nyuma ya magoti, moja huku, moja huku, nyembamba kuliko unywele, kisha akamwongezea moja kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, akamwambia, «Lala, fundi.» Babu akalala muda wa saa tatu mchana mweupe, mara ya kwanza tangu Januari, na alipoamka hakuuliza habari ya mgongo, aliuliza, «Mzee, hii umeipima na nini?»

Hilo ndilo swali lililotuletea kazi yote ambayo Baraka mumeifaidi, kwa maana docteur Liu alimwonyesha kidole gumba, akamfundisha kwamba mwili haupimwi na mita, unapimwa na gumba la mgonjwa mwenyewe, upana wake ni kipimo kimoja, vidole vinne vilivyoshikana ni vitatu, mtoto anapimwa kwa kidole cha mtoto, mama mnene kwa kidole chake, na Babu, fundi aliyechukia mita maisha yake yote, alisema siku ile alijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu yake wa tumbo moja.

Alimfuata mzee huyo miaka minane, akishona mchana na kujifunza kila alipopata nafasi, akayageuza majina ya Kichina ya pointi, yaani mahali pa kuchoma sindano, kwa lugha yetu jinsi mzee alivyomweleza, na majina hayo munayajua kuliko mimi. Mlango wa Ndani, vidole vitatu juu ya mstari wa kifundo cha mkono katikati ya mishipa miwili migumu, ni wa kichefuchefu, na abiria wa boti ya mzee Idi waliokuwa wakitapika mpaka Kigoma munajua ninachosema. Bonde la Gumba, kati ya gumba na kidole cha pili, ni la kichwa na meno, lakini mwanamke mwenye mimba haguswi hapo, hata akililia. Maili Tatu ya Mguu, vidole vinne chini ya goti na gumba moja nje ya mfupa, ni ya tumbo na ya miguu iliyochoka, kwa sababu Wachina wa zamani walisema mtu aliyeishiwa nguvu akichomwa hapo anaongeza maili tatu. Makutano ya Njia Tatu, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, ni ya wamama na siku zao, na hapo pia mwenye mimba haguswi. Na ile ya kwanza aliyochomwa yeye, penye mstari wa kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, inaitwa Mlango wa Roho, ni ya mtu ambaye moyo wake haukai.

Aliandika yote kwenye daftari moja, akachora, na tarehe 19 Julai 2003 moto ulichukua nyumba kumi na moja kambini, daftari likiwemo, na juma moja baadaye Babu alikaa juu ya jiwe mbele ya nyumba mpya, akatia masizi kwenye kifuniko cha chupa, akachukua wembe, akajichanja chale ndogo, kila pointi chale yake, kama wazee wetu walivyochanja dawa, akisema kitabu hiki hakitaungua bila mimi. Kwa kuwa anashika wembe kwa mkono wa kuume, chale zote zilikaa upande wa kushoto, kumi na tatu kwenye mkono, ishirini na mbili kwenye mguu, kumi kwenye kifua na tumbo, uso aliuacha maana alisema uso ni wa kanisani, na tisa za mgongo, ambazo hakuzifikia, alichanjwa na Bibi Georgette. Jumla hamsini na nne, na hapo ndipo uongo ulipoenea Baraka nzima kwamba sindano za Papa Zakaria zinafanya kazi upande wa kushoto tu, wagonjwa wakifika wanatoa mguu wa kushoto kabla hawajasalimia, na yeye akacheka miaka kumi na saba bila kuchoka.

Familia ilirudi Baraka tarehe 8 Septemba 2007, mimi nikiwa mtoto wa miaka sita niliyezaliwa kambini, na Babu akafungua tena meza yake ya cherehani na nyuma ya pazia akaweka kitanda kimoja. Desturi yake munaijua, sindano za mtu hazimwingii mtu mwingine, kila mgonjwa alishonewa kifuko chake kidogo chenye jina lake kwa uzi, anakwenda nacho nyumbani, anarudi nacho, sindano zinachemshwa mbele ya macho yake, na leo asubuhi nilipopita kati ya mikeka nimeona vifuko hivyo shingoni na mikononi mwenu, vya bluu, vya maua, vya vipande vya suruali, sikuweza kuvihesabu. Na kuna watu aliowafukuza pale mlangoni, nao wako hai kwa sababu hiyo, maana mwenye homa ya malaria au wa kuhara maji alikuwa hamgusi, anapiga kelele mpaka sokoni, «Bertin, washa pikipiki, peleka huyu hopitali, sindano yangu haijue hiyo!», na mimi, motard mwenye kasi kuliko wote kutoka Baraka mpaka Misisi, jambo ambalo wenzangu pale nje watalikubali leo kwa heshima ya marehemu, nilimfikisha mgonjwa kabla Babu hajamaliza kufoka.

Mwaka 2011 mjomba Eugène alimshauri arudishe kazi kwenye karatasi, akamchorea mtu mzima, mbele na nyuma, na pointi zote, kijana mmoja akaiazima karatasi, akaenda kumchoma shemeji yake kwa kupima na rula ya shule, shemeji akavimba paja siku tisa, basi Babu akaichoma karatasi ile jikoni, akasema karatasi haina gumba, kutoka sasa kazi hii itatoka ngozi moja kwenda ngozi nyingine, kwa mtu mmoja atakayekaa chini na kuguswa pointi kwa pointi mpaka mwisho. Mtu huyo, nilipokwisha kukua, alinichagua mimi. Sijui kwa nini hakumchagua mama mdogo Clarisse, ambaye ni muuguzi, mimi nilidhani ni kwa sababu ya mikono yangu, kwa maana nikishika mota gizani najua ugonjwa wake, na sisemi hivi kujisifu, ni kweli tu, lakini nilipomwuliza alijibu, «Mikono yako iko mizuri, matako njo haina adabu, haijue kuikala. Weye njo mugonjwa wangu wa kwanza mwenye sijaponesha.»

Na kweli, wababa na wamama, alinikalisha mara nyingi kwenye kitanda kile, anashika gumba langu, anapima, anafika pointi ya tatu, ya nne, simu inalia, kuna mteja, naruka, naacha kiatu, na yeye ananifuata mpaka kwenye pazia, «We mutoto, dakika makumi mbili tu, hata kuku inaikala juu ya mayai!», na mimi tayari nimewasha, «Kesho, Babu!» Hiyo kesho niliisema kuanzia mwaka 2018.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2019, ugonjwa wa sukari, akanywa dawa za hospitali bila kukosa na kuacha chai tamu kwa uchungu mkubwa, lakini sukari ikaua hisia za nyayo, na mwaka huu mwezi wa nne, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia kwenye nyumba za chini, alikwenda kusaidia majirani kutoa vyombo, akakanyaga kipande cha bati ndani ya maji kwa mguu wa kushoto, hakusikia kitu, akarudi nyumbani akiimba, Bibi ndiye aliyeona damu kwenye mkeka. Kidonda hakikufunga, kikawa cheusi, na tarehe 27 Mei 2024 madaktari wakasema waziwazi kwamba mguu ukatwe chini ya goti upesi, ili mtu apone.

Sasa nisome pole pole, ingawa sipendi. Babu hakukataa kukatwa, musimsingizie, mimi nimesikia maneno haya kwa simu siku hiyohiyo nikiwa Misisi, alisema, «Bertin, bantu ba kukata wako tayari, muguu iko na pointi makumi mbili na mbili, kuya uikale kwanza, halafu bakate.» Mjomba Eugène alijitolea akae yeye, lakini mjomba akiona wembe tu anaanguka, hilo tunalijua tangu siku ya kuchinja mbuzi wa Noeli, mama mdogo Clarisse alipiga picha kwa simu, lakini ngozi ya mzee ina madoa mengi, kwenye picha chale na doa ni kitu kimoja, ni kidole tu kinachotofautisha kwa sababu chale imeinuka kidogo. Kwa hiyo alikuwa ananingoja mimi, na hakutia sahihi ya kukatwa. Mimi nilikuwa na mteja wa kupeleka Lulimba, nikasema kesho. Tarehe 29 akapiga tena, nikasema daraja limekatika, na daraja lilikuwa limekatika kweli, lakini kuna wenzangu walipita mtoni, na mimi ndiye ninayepita mtoni kuliko wote. Tarehe 2 Juni akapiga, akaniita kwa neno moja tu, «Kuya», nikasema kesho, Babu. Barabara ninayoipiga kwa saa nne, niliipiga kwa siku kumi na mbili.

Nilifika hospitali Jumamosi tarehe 8 Juni, asubuhi, na daktari alinichukua kando, akaniambia sumu imeshapita goti na imeingia kwenye damu, kisu sasa hakina kazi, kisha akaondoka haraka, sikumkasirikia, nami ningekuwa yeye ningeondoka. Babu alikuwa hazungumzi tena. Nilikaa pembeni ya kitanda kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusimama, na alipofumbua macho hakuniuliza nilikuwa wapi, alitafuta mkono wangu, akapapasa kifundo upande wa kidole kidogo, akaweka gumba lake kwenye Mlango wa Roho, akakandamiza. Nilibaki hapo. Simu ilitetemeka mfukoni mpaka ikafa yenyewe. Nilibaki hapo Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu tarehe 10 Juni 2024, saa tano asubuhi, gumba lililegea, muuguzi akaandika saa.

Jana asubuhi wanaume wa familia tulimwosha, mimi na mjomba Patrice, na nilipoona chale zile chini ya maji niliacha kitambaa, nikavua shati, nikaomba kalamu ya bic. Nilianzia juu, napapasa chale yake kwa kidole, napima kutoka kwenye mfupa kwa gumba lake, halafu napima kwangu kwa gumba langu, natia nukta, narudi, na Patrice aliyeshika ndoo akawa ananung'unika, «Bertin, maji inapola, bantu wako inje banangoja maiti, we uko nachora!», nikamwambia, «Shika bic, geuka, sasa ni mgongo, utanichora weye.» Ilituchukua saa nne. Mimi, watu wa Baraka, saa nne mahali pamoja, na hakuna aliyenifunga kamba.

Tulipofika pointi ya tisa ya mgongo, ile iliyo chini ya bega, tuliisoma kwa sauti ili tusikosee, na Bibi Georgette, aliyekuwa ameketi nje ya mlango, akapiga kelele, «Hiyo muache! Hiyo ni ya uongo!» Tukatoka, tukamwuliza, na ndipo alipotuambia jambo alilolifunga miaka ishirini na mmoja, kwamba siku ya kuchanjwa mgongo ndiyo siku aliyogundua Babu amebadilisha kitenge cha ndoa cha mke wake kwa boksi la sindano, akamchanja nane vizuri, na ya tisa akaichanja popote, «kwa hasira tu, ili na yeye asikie», akangoja mume wake aone kosa, mume asione, maana nani anaona mgongo wake, na kila mwaka uliopita ukazidi kumfunga mdomo.

Halafu mzee Idi, mwenye boti, aliyekuwa anangoja pale kwa mazishi ya rafiki yake, aliinua mkono wake wa kuume juu kabisa, mkono ule ambao mwaka 2014 ulikuwa haupandi hata mpaka begani, akasema, «Mama Georgette, hiyo ya uongo njo alinichoma siku zote, muniachie.» Na Bibi akacheka, cheko la kwanza tangu Jumatatu, kisha akalia mpaka wamama wakamshika. Kwa hiyo, Bibi, mbele ya watu hawa, nakuambia nimeitia. Ziko hamsini na nne.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania na kutueleza ukweli bila kuuzungusha, nawashukuru majirani ambao nyumba zao zilikuwa ndani ya maji na bado walileta unga, mafundi cherehani wa sokoni waliomshonea suti ya safari bila kutumia mita, mzee Idi na abiria wake, wamotard kwa msafara, na Mchungaji kwa kunivumilia, na namshukuru docteur Liu, ambaye hatujui kama yuko hai, popote alipo gumba lake liko hapa.

Sasa nafungua vifungo vya shati, muone, nukta za bic, zimeanza kufifia kwenye kiwiko kwa sababu ya jasho, na ndiyo maana sikutaka maji wala kumbatio. Pointi ninazo, lakini kati ya hizo hamsini na nne matumizi ninayoyajua hayafiki kumi na tano, mengine yote yako kwenu, kila mwenye kifuko hapa anajua alichomwa wapi na kwa ajili ya nini. Kwa hiyo tukirudi kutoka makaburini nawaomba musitawanyike, pangeni mstari, kila mtu aje aniguse mahali pake na aseme, «hapa ni ya figo,» «hapa ni ya kikohozi,» mama mdogo Clarisse ataandika, na kesho asubuhi Bibi Georgette atazichanja zote kwa wembe mpya na masizi. Jana nilipomwomba alinitazama sana, akauliza, «Nitachanja, lakini utaikala?»

Babu, hawakukukata, unaondoka na miguu yako miwili, na bei ya huo wa kushoto naijua mimi. Kiti chako cha cherehani nimekileta, kiko hapa nyuma yangu, funguo ya pikipiki nimempa Patrice. Lala, usitembee tena hatua nne kwenda na nne kurudi. Mimi nakaa.